Gramafoni ya babu: usichomeke plagi kwanza

Simu nyingi tunazopokea hapa karakana zinafanana. Mtu kaenda nyumbani kwao, tuseme Malindi au Lamu, kakuta gramafoni ya zamani juu ya kabati imefunikwa kitambaa, akaichomeka kwenye umeme aone kama bado nzima. Ikawaka. Ikavuma. Pengine ikaimba hata nusu wimbo, kisha harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Hapo ndipo tunapigiwa.

Tunakuomba, mteja wetu, usiichomeke. Gramafoni ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) iliyokaa miaka 40 bila umeme mara nyingi hutengenezeka kwa vipuri vichache vya bei ndogo. Ikishaungua, gharama hupanda, na kipuri chenyewe huenda kikakosekana.

Nyingi tunazoletewa ni za Uingereza, za miaka ya 1950 na 1960: Dansette na nyingine za aina hiyo, zenye mitambo ya BSR au Garrard ya kubadilisha santuri. Kazi ya sauti mara nyingi hufanywa na valvu moja tu, ECL82, ambayo kwa kweli ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja. Ya kwanza inakuza sauti hafifu inayotoka kwenye sindano, ya pili inaipa nguvu ya kusukuma spika. Katikati yao pana kapasita ndogo ya karatasi na nta, ambayo kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti. Ubaya wake, karatasi ile hunyonya unyevu, na huku pwani unyevu hauna likizo. Kapasita huanza kuvuja. Volti chache tu zikipenya kwenda valvu ya pili, inavuta umeme kupita kiasi, bamba lake la ndani linaweza kuiva likawa jekundu, na umeme wote huo unapita kwenye transfoma ya spika, yenye waya mwembamba kama unywele. Waya unakatika. Kapasita mpya unaipata kwa bei ya soda. Transfoma hiyo, ama isukwe upya, ama tuanze kuitafuta kwenye mashine iliyokwisha kufa.

Kwa hiyo sisi tukipokea mashine hatuiwashi. Tunang'oa kapasita zote za karatasi, hata zinazoonekana nzima, na zile kubwa za kusafisha umeme tunazipima, nyingi zimekauka. Baada ya hapo ndipo tunaiwasha kwa mara ya kwanza, ikiwa imeungwa mfululizo na balbu ya wati 60, ile ya kizamani ya waya. Balbu ikiwaka kwa mwanga wake wote na kubaki hivyo, kuna shoti mahali, tunazima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, tunaendelea. Halafu tunaweka mita kwenye gridi ya valvu ya sauti, yaani pale sauti inapoingilia ile valvu ya pili: inatakiwa isome sifuri au karibu na hapo. Ikisoma volti mbili tatu za chanya, bado kuna kinachovuja.

Tafadhali usijaribu haya nyumbani kwa kufuata video. Baadhi ya gramafoni za bei nafuu hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani. Chasisi ya chuma imeungwa moja kwa moja na waya mmojawapo. Aliyefunga plagi akigeuza nyaya, chasisi nzima ina volti 240, pamoja na skrubu ya kitufe cha sauti unachokishika. Na hata ukichomoa plagi, kapasita kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 200 kwa muda.

Malalamiko mengine ni sauti ndogo au hakuna sauti kabisa. Mteja huja na jibu tayari: valvu imekufa. Mara nyingi si valvu, ni katriji, kile kichwa kinachoshika sindano. Katriji za wakati ule zilitumia fuwele ya chumvi ya Rochelle, nayo ni chumvi kweli, unyevu unaimaliza. Tunaweka ya seramiki na kurekebisha springi ya mkono, kwa sababu mikono ile ilikandamiza santuri kwa gramu 8 au zaidi, uzito ambao katriji mpya nyingi haziutaki.

Mwenye santuri za 78, zile zinazozunguka mara 78 kwa dakika, aangalie sindano pia. Ncha ya sindano ya 78 ni pana karibu mara tatu ya ile ya LP (santuri ya mizunguko 33), ndiyo maana katriji nyingi zina kijiti cha kugeuza upande. Rekodi za Siti binti Saad, alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, ni za aina hii. Usizisafishe kwa spiriti! Zimetengenezwa kwa utomvu wa lakiri, na spiriti inauyeyusha. Maji kidogo na kitambaa laini vinatosha, mradi karatasi ya katikati isilowe.

Walioletewa mashine kutoka Marekani wajue kwamba transfoma ya kushusha umeme hadi 110 haitoshi. Mota za kule zinafuata hezi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde, huku tuna 50, kwa hiyo santuri ya 33 inazunguka kama 28 na mwimbaji anasikika mgonjwa. Tunachonga bushi, kipete cha kunenepesha ekseli ya mota, ili kasi irudi.

Kuhusu Bluetooth, tunaombwa sana na bado jibu ni hapana. Hatutoboi boksi lililodumu miaka 60.

Ukituletea, toa santuri zilizo juu ya sahani, funga mkono wa sindano kwa uzi, na valvu ziache ndani zilipo. Kipande chochote kilichodondoka kiweke kwenye bahasha. Katriji iliyokufa nayo usiitupe, tunaitumia kupimia urefu wa ile mpya.