Metali Haifiki Asilimia 1, na Bei Ndiyo Hiyo: Maelezo kwa Wateja Wetu

Ujumbe umekuja tena, safari hii kwa hasira: "Nimepeleka unga wenu kupimwa, kobalti haifiki hata asilimia moja. Mmeniuzia masizi." Kipimo chake hakina kosa. Unga wetu ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia: kaboni yenye kobalti kidogo, ya kutengenezea hidrojeni peroksidi (dawa ya kuua vijidudu) kwa umeme. Kobalti yake kweli haifiki asilimia 1, na kwenye lebo tumeandika hivyo hivyo. Lakini yeye aliipigia hesabu kama mtu anayenunua misumari kwa kilo.

Anayetengeneza hidrojeni peroksidi kwa umeme anataka oksijeni ipokee elektroni mbili tu, basi. Ikipokea nne inakuwa maji, na maji tayari unayo kwenye tangi. Molekuli ya oksijeni ni atomu mbili zilizoshikana. Ikikuta atomu ya kobalti imekaa peke yake ndani ya kaboni, imezungukwa na nitrojeni, hushikwa kwa ncha moja na ule muungano wa katikati hubaki mzima. Ikikuta metali imerundikana, hulala juu yake, hushikwa pande zote mbili, hukatika. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kuzuia kobalti isikutane na kobalti mwenziwe. Kuongeza metali hakuhitaji ufundi: mwaga chumvi ya kobalti kwa wingi, oka, funga kwenye chupa. Unga utakaopata ni mweusi vilevile, ila utakutengenezea maji.

Sisi tunaoka ndani ya nitrojeni, tunaosha kwa asidi ili chembe za kobalti zilizojikusanya ziyeyuke, tunasuuza mpaka asidi iishe, halafu tunaoka tena. Kobalti nyingi tuliyonunua huishia kwenye ndoo ya maji machafu. Ndiyo, na ile ya kwenye ndoo imo kwenye bei.

Kuna aliyeona tunamlangua akaenda kununua platini ya asilimia 20 juu ya kaboni, ile ya seli zinazogeuza hidrojeni kuwa umeme. Ni kichocheo bora kabisa, lakini huko wanataka oksijeni iishie kuwa maji. Alipitisha ampea 10 kwa saa nzima. Kwa umeme huo, hata kusiwe na upotevu wowote, huvuki gramu 6.3 hivi za peroksidi. Alituletea chupa tuipime. Tukadondosha pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau ambayo peroksidi huifuta rangi, na tone la pili tu likabaki na rangi yake. Maana yake ndani hamkuwa na kitu. Fedha aliyotoa ingemtosha kununua kwetu na chenji ikabaki.

(Platini inaweza kurekebishwa. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba ikichanganywa na zebaki huanza kutoa peroksidi, tena vizuri. Tunaulizwa sana kama tunaitengeneza. Hatutengenezi. Wateja wetu wengi wanasafisha maji, na sisi zebaki hatutaki hata ipite mlangoni.)

Wapo pia wanaonunua kwetu halafu wanapaka mara tatu kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, wakiamini tabaka nene lina nguvu zaidi. Peroksidi iliyozaliwa chini ya tabaka lazima itafute njia ya kutoka. Kadiri inavyokawia humo ndani ndivyo inavyokutana na kichocheo tena, ikapokea elektroni mbili nyingine na kuwa maji. Mmoja aliturudishia elektrodi iliyobanduka kama ukoko wa sufuria. Tulikwangua, tukapaka upya kwa nusu ya unga aliotumia, na peroksidi ikapanda. Hakuomba radhi, ila aliagiza tena.

Lililotuchosha zaidi lilikuwa la chuma. Mteja alidai arudishiwe fedha zote: siku ya kwanza peroksidi nzuri, siku ya nne karibu hakuna, na utando unaotenganisha pande mbili za mtambo umechakaa. Kila bechi tunabakiza kijiko kimoja kabatini, kwa hiyo tulipima kile cha bechi yake, tukapima tena, tukakesha. Kilikuwa kizima. Mwishowe tukamwomba picha ya mtambo, na hapo hapo tukaiona: kibanio cha chuma kinachogusa elektroliti (kimiminika kinachopitisha umeme), kimeshaanza kutu. Chuma kikiyeyuka kidogo tu huivunja peroksidi na kuzalisha radikali, vipande vikali vya molekuli, zinazokula utando, na kaboni yenyewe pia. Alitaka kuokoa bei ya kibanio cha titani. Akanunua utando mpya.

Fedha hatukurudisha. Kibanio tulimpa chetu.

Kwa hiyo kabla ya kutuandikia kwamba umepunjwa, tuma picha ya kila kipande kinachogusa maji, uzito wa unga uliopaka kwa kila sentimita ya mraba, ampea na muda, na idadi ya mililita za pamanganeti ulizotumia. Andika na namba ya bechi iliyo chini ya chupa, ili tujue tufungue kijiko kipi.