Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania: kidonge kilichokatwa kwa mkasi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mstaafu, mkazi wa Mbagala, nina kisukari na presha. Jambo ninaloandika, wazee wenzangu kijiweni hulisema kwa kunong'ona.

Mwaka jana niliingia duka moja la dawa, nami nikanong'ona kuomba kidonge cha nguvu za kiume. Kijana akachukua mkasi. "Ya hamsini au ya mia, mzee?" Nikasema miligramu mia, kama anayechagua soda. Akakata kidonge kimoja, akakifunga kwenye kipande cha gazeti. Cheti cha daktari hakuulizia. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilibaki kwake dukani, kwenye kipande kingine.

Sitadanganya, kilifanya kazi. Kilikuwa cha sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, na ni dawa kweli. Hulegeza mishipa damu ipite, na bila hamu haina la kufanya. Kichwa kiliniuma, uso ukawaka, nikajua ndio ukali wake.

Baadaye kifua kilinibana, nikapewa vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Nesi akafunga mlango, akauliza: "Baba, zile za nguvu za kiume hutumii?" Nilitamani ardhi ipasuke. Akanieleza kuwa dawa hizo mbili zikikutana mwilini, presha inaweza kuporomoka hadi mtu afe. Tadalafil, ndugu yake sildenafil, ndiyo ya kuogopa zaidi kwa msahaulifu kama mimi, maana nguvu yake huweza kudumu hadi saa 36: umemeza Ijumaa usiku, kifua kinabana Jumamosi jioni, hukumbuki tena. Tena kupungua nguvu kwenyewe, alisema, mara nyingi ni mishipa inayolalamika kabla ya moyo. Dukani nilipaswa kuelekezwa hospitali.

Na hizi unga na kahawa za "asili" za mitaani? Sina ugomvi na mitishamba, bibi yangu alinilea nayo. Lakini Marekani bidhaa nyingi za namna hiyo zimekutwa na sildenafil iliyofichwa ndani. Mgonjwa wa moyo anakunywa akidhani ni mizizi.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kabla mkasi haujashikwa, muuzaji aulize: "Unatumia dawa ya moyo?" Na kidonge kitoke na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Mkaguzi wako aje huku siku moja bila kitambulisho shingoni, anong'one kama mimi, asikie ataulizwa nini.

Wako,
Mstaafu wa Mbagala, Dar es Salaam