Barbara Jordan na mipaka ya wadi zetu

Mhariri,

Ijumaa iliyopita, barazani kwetu Majengo, mazungumzo yalimwangukia wakili mmoja kijana, binti wa mtaani, aliyewahi kugombea kiti cha wadi akashindwa. Mzee mmoja akakata maneno: "Yule hana nyota." Neno hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonikumbusha Barbara Jordan, wakili na mwanasiasa wa jimbo la Texas nchini Marekani.

Jordan alizaliwa Houston mwaka 1936, binti wa mhubiri wa Kibaptisti. Baada ya kusomea sheria Boston alirudi kwao akaanza uwakili bila ofisi, akiifanya kazi yake kwenye meza ya kulia chakula ya wazazi wake. Mwaka 1962 aligombea Bunge la Wawakilishi la Texas akashindwa. Mwaka 1964 akarudi, akashindwa tena. Hakupungukiwa ulimi, kwani tangu chuoni alikuwa bingwa wa mijadala, na sauti yake nzito ilijaza ukumbi. Tatizo ni kwamba wagombea walipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris, hivyo kura za mitaa ya Weusi zikamezwa na za Weupe waliokuwa wengi. Mwaka huohuo wa 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneo ya uwakilishi yakaribiane kwa idadi ya watu. Texas ikalazimika kuchora mipaka upya, na mwaka 1966 Jordan akachaguliwa kuingia Seneti ya jimbo, Mweusi wa kwanza humo tangu 1883. Mwanamke alikuwa yuleyule na mitaa ileile.

Wengi humjua kwa hotuba yake ya 1974 huko Washington, kuhusu mashtaka dhidi ya Rais Nixon. Mimi namheshimu zaidi kwa miaka yake sita ya Seneti ya Texas, alikopigania kima cha chini cha mshahara kitakachowafikia hata vibarua wa mashambani.

Kifungu cha 89 cha Katiba yetu ya Kenya kinataka mipaka ya maeneo bunge ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na ya wadi mara kwa mara. Mapitio ya mwisho yalikamilika 2012. Naliomba gazeti lako lichapishe ramani ya wadi zote 30 za Mombasa, pamoja na idadi ya wakazi wa kila moja, ili niipeleke barazani.

Mkazi wa Majengo,
Mombasa