Jumamosi: kupiga picha Loleza

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi tukutane saa 12:30 asubuhi chini ya mlima Loleza, hapa Mbeya, mwanga ukiwa bado laini.

Mnaouliza kamera ya kuanzia, msikimbilie mpya. Canon 1100D ya mtumba, toleo la 2011, ina megapikseli 12. Kwa picha ya kutundika ukutani inatosha kabisa. Kabla hujalipa, elekeza lenzi kwenye mwanga uchungulie ndani. Ukiona utandu mweupe kama wa buibui, hiyo ni kuvu: iache, hata muuzaji akishusha bei. (Na kwa unyevu wetu wa masika, msizifungie lenzi kabatini.) Nikon D3100 nayo nzuri, ila haina mota ya fokasi (inayozungusha lenzi hadi picha iwe kali), kwa hiyo lenzi nyingi za zamani utazungusha kwa mkono.

Wenye simu tu, karibuni pia. Chajini betri, na sweta msisahau.