Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Minneapolis

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Leipzig. Watoto hawajambo, wanakuulizia kila wakati.

Nakuandikia hapa kwa sababu kwenye grupu la ukoo tumebaki na "hongera" na "pole" tu, na sote tunajua ni kwa ajili ya ile meseji yako ya Jumapili, 30 Juni 2024. Ulikuwa uchaguzi wa bunge la Ufaransa, ukaandika juu ya Marine Le Pen, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia anayepinga uhamiaji: "Le Pen kashachukua nchi. Shangazi, anza kufunga mizigo." Uliituma saa 7 mchana kwenu, yaani saa 2 usiku Paris, vituo vya mwisho vya kura ndiyo kwanza vinafungwa. Shangazi yuko Lyon peke yake, na alikuamini, maana wewe ndiye msomaji wa ukoo. Nikakusahihisha palepale, mbele ya wote.

Ile ilikuwa raundi ya kwanza. Bunge la Ufaransa lina majimbo 577, na kila jimbo lina kinyang'anyiro chake. Kushinda moja kwa moja unahitaji zaidi ya nusu ya kura, nazo zifikie robo ya walioandikishwa. Siku ile walioweza ni 76 tu. Kwingine kote, wawili wa juu na yeyote mwingine aliyefikisha asilimia 12.5 ya walioandikishwa walirudi ulingoni 7 Julai. Kwa kuwa watu walijitokeza kwa wingi, majimbo mengi yalibaki na wagombea watatu. Ndipo kufikia Jumanne jioni wagombea zaidi ya 200, wa mrengo wa kushoto na wa kambi ya Macron, wakajitoa ili kura za kumpinga mtu wa Le Pen zisigawanyike. Chama cha Le Pen, kilichoongoza raundi ya kwanza, kikaangukia nafasi ya 3 kwa viti. Na wewe kimya, hata neno moja la kumtuliza Shangazi.

Najua unasoma kwa jicho la huko. Wahariri wa Marekani wana nafasi finyu kwa Ulaya, na tangu Brexit (kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya), Juni 2016, iliposomwa kama dalili ya ushindi wa Trump wa Novemba, kila kura ya huku huulizwa swali moja: je, na kwetu itakuwa hivyo? Swali hilo linajibika kwa asilimia za raundi ya kwanza. Viti haviwahusu.

Huku nako tuna upofu wetu. Usiku wa kumchagua rais wenu televisheni za Ujerumani zinakesha, watu wanazitaja kura 270 kati ya 538 za wajumbe wanaomchagua rais kama namba ya nyumba, kwa kuwa ushuru, dola na NATO vyote vinatugusa. Lakini viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hupigiwa kura kila miaka 2 na wengi huku hawana habari. Wewe ndiye uliyenieleza kwa nini muswada hukwama Seneti bila kura 60, na ulinieleza vizuri kuliko gazeti lolote la hapa.

Kwa hiyo nisikilize na mimi. Ufaransa, makadirio ya saa 2 usiku hutoka kwenye kura zilizokwisha kuhesabiwa katika vituo vya sampuli. Yaamini, ila uliza ni raundi gani. Ujerumani, namba ya saa 12 jioni ni ya kuwauliza watu wanapotoka kupiga kura. Ngoja zinazofuata, hasa kwa vyama vilivyo karibu na asilimia 5, kizingiti cha kuingia bungeni. Februari 2025 chama cha BSW kilipata asilimia 4.98 kikabaki nje ya bunge. Kwenye ramani ya matokeo ya Uingereza bluu ni chama cha Conservative, cha mrengo wa kulia, na nyekundu ni Labour, cha kushoto, kinyume cha rangi zenu. Na ukinitumia habari, nakili maandishi: tangu sheria ya Ulaya ya kulinda data ianze 25 Mei 2018, magazeti kadhaa ya Marekani yaliamua kuwafungia wasomaji wa huku.

Unasema nilikuaibisha kukusahihisha mbele ya ukoo mzima. Ungeandika faraghani, ningekujibu faraghani. Ulimtisha mtu mzima mbele ya watu 40, na saa zangu na zake ni zile zile. Nani mwingine angejibu usiku ule?

Ufaransa inamchagua rais 2027, raundi mbili, wiki mbili katikati. Shangazi ana kura yake. Mpigie umuulize anavyoona, kabla hujatuandikia chochote.

Dada yako