Hataza: Bunge la Marekani liandike, majaji wamekwama

Mhariri,

Makala yako kuhusu hataza (haki ya mvumbuzi kuumiliki uvumbuzi wake kwa muda) nchini Marekani inawalaumu majaji kwa kuwanyima haki wavumbuzi wa vipimo vya maradhi na wa programu za kompyuta. Nusu ya lawama hiyo naikubali. Nusu nyingine naipinga, na nitaanzia hapo.

Juni 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba kampuni ya Myriad Genetics haiwezi kumiliki jeni (vipande vya DNA vinavyobeba sifa za kurithi) za BRCA1 na BRCA2 eti kwa kuwa imezichomoa mwilini. Jeni hizo zikiwa na kasoro, mwanamke huwa katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari. Kipimo chake kiligharimu zaidi ya dola 3,000, na aliyetaka kuhakikisha majibu kwingine hakuwa na pa kwenda. Siku ileile ya hukumu, maabara nyingine zilitangaza kwamba nazo zitakitoa. DNA iliyoundwa na binadamu maabara bado iliruhusiwa kupewa hataza. Sioni dhuluma hapo.

Balaa liko kwenye hukumu mbili za mahakama hiyohiyo, moja iliyoitangulia hiyo na nyingine iliyoifuata: ya kesi ya Mayo ya 2012 na ya kesi ya Alice ya 2014. Ya kwanza ilisema ukigundua kanuni ya maumbile, kuiongezea hatua zilizozoeleka hakukupi hataza. Ya pili iliyahamisha mawazo hayo kwenye kompyuta: ukichukua "dhana tupu" na kuiendesha kwa mashine ya kawaida, hukuvumbua kitu. Dhana tupu ni ipi? Mahakama ilisema haina haja ya kuchora mipaka yake.

Tazama matokeo. Dennis Lo na James Wainscoat waligundua kwamba DNA ya mtoto aliye tumboni huelea katika plazima ya damu ya mama, sehemu ambayo maabara zilikuwa zikiitupa. Badala ya kumchoma mjamzito sindano tumboni kuchota maji yanayomzunguka mtoto, jambo linaloweza kuharibu mimba, damu ya mkononi ikatosha. Hataza yao, iliyotumiwa na kampuni ya Sequenom, ilifutwa. Katika rufaa ya 2015, Jaji Richard Linn aliandika kwamba anakubaliana na wenzake kwa sababu tu maneno mapana ya hukumu ya Mayo yanamfunga.

Wala si maabara pekee. Hataza ya American Axle ilihusu utengenezaji wa propela shafti ya gari (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu), kupunguza mtikisiko wake. Ikaangushwa kwa kuwa eti ni kanuni ya Hooke tu, ile ya fizikia kuhusu vitu vinavyonyumbuka! Majaji wa rufaa walipoombwa waisikilize upya mwaka 2020 waligawanyika sita kwa sita, na Juni 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuigusa, ingawa wakili wa serikali mwenyewe aliiomba iisikilize.

Upya wa uvumbuzi, kama fundi wa fani hiyo asingeuwaza kirahisi, upana wa kile mvumbuzi anachodai ni chake: yote hayo yana vifungu vyake vya sheria. Sasa askari wa getini, yaani swali la kama jambo ni la aina inayoweza kupewa hataza, ndiye anasahihisha mtihani.

Kwetu Kenya, Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 inataja waziwazi visivyo uvumbuzi: ugunduzi, nadharia za sayansi, mbinu za biashara, hata njia za kutibu na kupima maradhi mwilini. Unaweza kubishana nayo, lakini unaisoma kabla hujalipa wakili. Kule Marekani, vizuizi hivi havimo katika kifungu cha 101 cha sheria ya hataza, kinachotaja vinavyoweza kupewa hataza. Ni zao la hukumu.

Kwa hiyo naunga mkono maseneta Thom Tillis na Chris Coons, waliowasilisha mwaka 2023, na tena 2025, mswada wa kufuta vizuizi vya majaji na kuandika orodha bayana, isipokuwa kwa jambo moja. Mswada huo unakataza hataza kwa jeni ya binadamu ikiwa mwilini, kisha unasema jeni iliyotengwa au kusafishwa haihesabiwi kuwa hivyo. Hayo ndiyo madai ya Myriad yaleyale, na kipengele hicho kiondolewe kabla ya kura.

Wakili, Nairobi