Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: malezi ya watoto wetu kiwanjani

Baba na mama wanachama, ndugu makocha, jambo kwenu.

Kombe hatukupata. Nitakaa zaidi kwenye habari za benchi, maana pale ndipo watoto wanatuangalia sisi watu wazima tukikasirika.

Wakati wa kipwa, yaani kiangazi, kwenye mechi huko mtaa wa Ruashi, hapa Lubumbashi, chupa ya maji ilirushwa kutoka benchi letu kuelekea kwa mwamuzi msaidizi. Hakujulikana aliyerusha, na kadi nyekundu akaonyeshwa kocha wetu mkuu. Wazazi walilalamika kwamba ameonewa. Hakuonewa. Tangu 2019 sheria za mpira zinamruhusu mwamuzi kuwapa kadi viongozi wa benchi, na mkosaji asipotambulika, adhabu inamwangukia kocha mkubwa aliyepo. Kocha alitoka bila neno. Mpaka leo hajamtafuta aliyerusha, na aliyerusha hajajitaja. Ila sasa chupa zote zinakaa ndani ya ndoo nyuma ya benchi, na ni watoto wenyewe waliopanga hivyo.

Kuhusu kubadilisha wachezaji: katika mpira wa vijana, shirikisho la nchi likikubali, aliyetolewa anaweza kurudi kucheza. Katika mechi zetu za kirafiki tunafanya hivyo, na kila aliyevaa jezi anaingia. Baba mmoja alinifuata mpaka soko la mtaa wetu wa Kenya kuniuliza kwa nini mwanawe, mfungaji wetu, alitolewa tukiwa tunaongoza. Nilimwambia kuna wenzake waliokuwa wakingoja zamu. Nikaongeza (labda si pale sokoni pa kusemea) kwamba kijana huwa anakwepa kubeba nyavu baada ya mazoezi, na kwetu mfungaji naye anabeba. Baba hakufurahi. Kijana anabeba.

Wasichana wameongezeka tangu tulipohamisha mazoezi yao yasigongane na saa ya kuchota maji. Hotuba zetu zote juu ya usawa hazikuleta hata nusu yao.

Wanaosema tunapoteza muda na tabia wakati wenzetu wanatafuta vipaji, wakumbuke klabu ya Mazembe ilianzishwa hapa hapa mjini mwaka 1939 na watawa Wabenediktini, walezi wa vijana. Ubingwa wa Afrika ulikuja 1967. Mashabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini, mnisamehe mfano huo.

Kamati inaleta mapendekezo mawili mpigie kura leo. Kocha atakayepewa kadi nyekundu kwa kumtukana mwamuzi asisimamie mechi mbili zinazofuata. Mzazi anayetukana pembeni ya kiwanja aombwe kusogea mpaka barabarani, hata kama mwanawe ndiye anayepiga penalti. Pendekezo la pili najua litaleta maneno, kwa hiyo tulianze hilo.

Hesabu atazisoma mtunza hazina. Michango ya wengi haijaingia, na wenyewe mnajijua.